Ndugu wa Ziwa Moja: Hukumu ya Kunyonya na Wanaoharimika Kuoana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Aliyewafungamanisha waja Wake kwa damu, kwa ukwe na kwa maziwa. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, aliyezaliwa yatima, akanyonyeshwa na wasiomzaa, naye akawatukuza maisha yake yote kama mtu anavyomtukuza mamaye. Ziwafikie pia Ali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, mlio misikitini na mnaotusikiliza majumbani: leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu hulijua jina lake na wachache huijua hukumu yake. Nalo ni kunyonya. Mwanamke anapomnyonyesha mtoto asiyekuwa wake, huwa amefanya jambo la huruma, na papo hapo huwa ameanzisha udugu wa kisheria ambao hauvunjiki mpaka kufa. Huruma huonekana na kila mtu. Udugu hausemwi. Na kwa kuwa hausemwi, huja siku ya posa, au baada ya posa, au baada ya watoto watatu kuzaliwa, ndipo bibi mmoja akakumbuka.

Katika Suratin Nisaa, Aya ya 23, Mwenyezi Mungu Amewataja wanawake ambao mwanamume hawezi kuwaoa. Ameanza na saba wa nasaba: mama, binti, dada, shangazi, dada wa mama, binti wa ndugu mwanamume, na binti wa ndugu mwanamke. Mara baada ya hao, kabla ya kumtaja mkwe wala mtoto wa kambo, Amemtaja mama aliyekunyonyesha na dada mliyenyonya ziwa moja. Angalieni mpango huo, na angalieni majina yenyewe. Hawakuitwa majirani wala wafadhili. Wameitwa mama na dada. Kisha Mtume, s.a.w., akabainisha kwamba hukumu haikomi kwa wawili hao, bali kila aliyeharimika kwa nasaba huharimika mfano wake kwa kunyonya. Basi shangazi wa kunyonya ni shangazi, na binti wa ndugu wa kunyonya ni binti wa ndugu.

Mtume mwenyewe alikutwa na jambo hili. Sahaba zake walimtajia binti wa Sayyidna Hamza ili amwoe. Hamza alikuwa ami yake, kwa hiyo kwa nasaba binti huyo alikuwa binti wa ami, na binti wa ami ni halali. Lakini Mtume alijibu kwamba hamfalii, kwa kuwa Hamza alikuwa pia ndugu yake wa kunyonya. Wote wawili walinyonyeshwa na Bibi Thuwaiba, aliyekuwa kijakazi wa Abu Lahab. Maziwa yalimgeuza binti wa ami akawa binti wa ndugu. Ninaomba mfano huu mwuweke moyoni, maana sisi tunaouhitaji zaidi ni watu wa mwambao na visiwa, ambao kuozana binamu kwetu ni ada ya wazee.

Kisa cha pili ni cha Bibi Aisha. Baada ya kuteremka amri ya hijabu, alikuja mtu aitwaye Aflah akabisha hodi kwake. Bibi Aisha akakataa kumruhusu mpaka amwulize Mtume. Aflah alikuwa ndugu yake Abul Quais, na mke wa Abul Quais ndiye aliyemnyonyesha Bibi Aisha. Bibi Aisha akatoa hoja yake: aliyeninyonyesha ni mwanamke, si mwanamume! Mtume akamwambia amruhusu, kwani huyo ni ami yake. Hapa maulamaa wameichukua kanuni kubwa kwamba maziwa ni ya mke na mume pamoja. Mume ambaye kwa uzazi wake maziwa yale yalipatikana huwa baba wa mtoto aliyenyonya, na watoto wake wote, hata aliowazaa kwa wake wengine ambao hawajamwona mtoto yule, huwa ndugu zake. Nyumba ya mitala, basi, na ijihadhari mara mbili.

Sasa, si kila aliyewekwa kifuani akawa mtoto. Wanafunzi waliosoma Minhaji ya Imamu Nawawi wanayajua masharti, lakini tuyaeleze kwa ajili ya wengine. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, sharti la kwanza ni umri: mtoto awe hajatimiza miaka 2 kwa hesabu ya mwezi mwandamo, ambayo ndiyo muda wa kunyonyesha uliotajwa katika Suratil Baqara, Aya ya 233. Sharti la pili ni idadi: anyonye mara 5 zilizo mbalimbali, na maziwa yafike tumboni. Mara moja ni ipi? Hupimwa kwa ada ya watu. Mtoto akinyonya akatosheka, akaliacha ziwa mwenyewe na kuligeuzia uso, hiyo ni moja. Akiacha ili avute pumzi, au acheze kidogo, kisha akarudi papo hapo, hiyo bado ni ile ile moja. Akihamishwa kutoka ziwa hili kwenda ziwa la pili, vile vile ni moja. Wala si lazima anyonye kwa mdomo wake. Maziwa yakikamuliwa na akanyweshwa kwa kijiko, kikombe au chupa, hukumu ni ile ile.

Katika idadi maulamaa wamekhitilafiana, na ni wajibu wa mwenye kusema juu ya mimbari kulitaja hilo kwa uaminifu. Kwa Imamu Abu Hanifa na Imamu Malik, kidogo na kingi ni sawa. Mara moja yatosha kuharimisha. Imamu Ahmad, katika kauli yake iliyo mashuhuri, yu pamoja na Shafii katika mara 5. Abu Hanifa alifikisha muda mpaka miezi 30, ingawa wanafunzi wake wakubwa wawili, Abu Yusuf na Muhammad, walibaki kwenye miaka 2. Kwetu Afrika ya Mashariki wapo Waislamu wa madhehebu ya Hanafi, na vijana wao na wetu huoana. Basi mtu asijikinge kwa hesabu ya madhehebu yake huku upande wa pili hesabu ni nyingine. Hayo na yaulizwe kabla ya posa.

Na mkubwa je? Swali hili watu huliuliza kwa kunong'ona, na hakuna haja ya kunong'ona. Mume akionja maziwa ya mkewe, ndoa haiharibiki. Imamu Malik amesimulia katika Muwatta kwamba mtu mmoja alimwuliza Abu Musa al-Ash'ari swali hilo hilo, naye akaona kuwa mke ameharimika. Ibn Mas'ud akamkosoa, akasema kunyonya kunakohesabiwa ni kwa ndani ya miaka 2. Abu Musa akakubali, akawaambia watu wasimwulize yeye tena maadamu mwanachuoni yule yupo kati yao. Kadhalika damu aliyotiwa mgonjwa hospitalini haifanyi udugu, wala maziwa ya ng'ombe na ya mbuzi, wala ya kopo, hata kama watoto mia wameyanywa katika chungu kimoja.

Turudi nyumbani kwetu. Nyumba nyingi za ukoo zina mama watatu au wanne katika ua mmoja. Mmoja amekwenda sokoni, mwingine yuko kazini, mtoto analia, na mwenye maziwa yu karibu. Atafanyaje? Atampakata. Ni jambo jema, wala hatukuja hapa kulikataza. Lakini tazameni matokeo yake. Tuseme Bibi Fatuma ana watoto wanne, naye bado ananyonyesha kitinda mimba wake. Binti yake mkubwa amejifungua mtoto mwanamume, Zaidi, kisha akaugua. Bibi Fatuma akamchukua mjukuu wake akamnyonyesha wiki mbili. Mara 5 zimekwisha kupita siku ya kwanza! Tangu siku hiyo Zaidi ni mtoto wa bibi yake. Wajomba zake ni ndugu zake. Mama yake wa kumzaa amekuwa pia dada yake wa kunyonya. Na binamu zake wote wa upande ule, wale ambao mashangazi wa mjini wameshaanza kuwataja kwa utani kuwa ni wachumba, wamekuwa ni mabinti wa ndugu zake. Hapana hata mmoja atakayemfalia, aliyezaliwa na atakayezaliwa.

Huo ndio mlango ambao watu wengi huingilia pasi na kujua. Wao hudhani aliyeharimika ni yule mtoto mmoja tu aliyenyonya wakati mmoja na mwenziwe, yule waliyegawana ziwa la kulia na la kushoto. Sivyo. Aliyenyonya mwaka huu ni ndugu wa aliyezaliwa na mama yule miaka 10 kabla, na wa atakayezaliwa miaka 10 baadaye.

Na kwa upande wa pili watu huzidisha. Wakishasikia kwamba Zaidi alinyonya kwa Bibi Fulani, huharimisha ukoo mzima kwa ukoo mzima. Hilo nalo si sheria. Udugu humwingia aliyenyonya na kizazi chake. Hauwaingii ndugu zake wa kuzaliwa wala wazazi wake. Mdogo wake Zaidi, Amri, ambaye hakunyonya, anaweza kumwoa binti wa mama aliyemnyonyesha Zaidi, ikiwa hapana sababu nyingine. Wazee wengine hushtuka wakisikia hivi, lakini ndivyo ilivyo, na kuharimisha halali ni kosa kama kuhalalisha haramu.

Tena udugu huu una mipaka yake. Wahusika huharimika kuoana, na huwa maharimu: huonana bila ya hijabu ya ajinabi, hukaa faragha, na husafiri pamoja. Lakini hawarithiani kwa sababu ya kunyonya, wala kijana hawi walii wa kumwoza dada yake wa maziwa, wala nafaka haimlazimu. Mwenye kutaka kumwachia kitu mama yake wa kunyonya na ausie katika thuluthi ya mali yake, kama anavyoweza kumwusia mtu yeyote asiyekuwa mrithi.

Ndugu Waislamu, tufike kwenye lililotuleta. Imamu Bukhari amepokea kisa cha Sahaba Uqba bin al-Harith, aliyemwoa binti wa Abu Ihab. Akaja mwanamke mmoja akasema: mimi nilimnyonyesha Uqba na huyu aliyemwoa. Uqba akamjibu kwamba yeye hajui kuwa alimnyonyesha, wala mwanamke huyo hakumwambia kabla ya siku ile. Kisha akapanda mnyama wake, akatoka Makka mpaka Madina kwa ajili ya swali hilo moja. Mtume hakumwamuru alete jeshi la mashahidi. Alimwuliza: utakaa naye vipi, na hali neno hili limekwisha kusemwa? Uqba akafarikiana na mkewe, naye akaolewa na mume mwingine. Bukhari amekiweka kisa hiki katika Kitabu cha Elimu, kwenye mlango wa kusafiri kwa ajili ya suala lililomshukia mtu. Watu wengine wangelibaki Makka, wakamwita yule mwanamke mwongo, wakanyamaza.

Mimi kila nikikisoma kisa hiki hulitazama lile jibu la Uqba: na wala hukuniambia. Ndani yake mna malalamiko ya watu wengi. Mwanamke yule alikuwa na elimu ambayo wawili wale waliihitaji siku ya posa. Ikawafikia wameshakuwa mume na mke. Kunyonyesha kwake kulikuwa hisani. Kunyamaza kwake ndiko kulikoleta taabu.

Je, kila akitokea mwenye kusema, ndoa ivunjwe? Hapa pana hatari ya pili. Imamu Ahmad ameichukua Hadithi hii kwa dhahiri yake, hata neno la mwanamke mmoja mwaminifu likamtosha. Maulamaa wa Shafii wameona kuwa Mtume alimwelekeza Uqba kwenye uchaji na kuepuka shaka. Ama hukumu ya kadhi, kwao huthibiti kwa mashahidi wanaume wawili, au mwanamume mmoja na wanawake wawili, au wanawake wanne, maana jambo lenyewe aghalabu huonwa na wanawake. Mama aliyenyonyesha aweza kuwa mmoja wa mashahidi hao, maadamu hadai ujira. Na shahidi hatosheki kwa kusema kuwa hawa ni ndugu wa kunyonya. Ataje wakati, ataje idadi, ataje kuwa maziwa yalifika tumboni. Ikiwa pana shaka kama zilikuwa mara 5 au pungufu, au kama mtoto alikuwa hajapita miaka 2, katika madhehebu yetu asili ni kutoharimika. Ambaye hajaoa, kuepuka ni bora kwake. Ambaye ameshaoa na ana watoto, asivunjiwe nyumba yake kwa uvumi wa barazani wala kwa bibi anayesema nafikiri. Na ampeleke kwa kadhi, bibi yule aulizwe kwa upole, wenziwe waliokuwapo waulizwe, na neno lipimwe.

Lakini likithibiti, limethibiti. Ndoa ile haikusihi tangu mwanzo. Hapana haja ya talaka, ila kufarikiana mara moja. Mwanamke atakaa eda, na kama waliingiliana kwa kutojua ana haki ya mahari ya mfano wake. Watoto ni watoto wao halali kwa nasaba, wanamrithi baba na wanamrithi mama, na yeyote atakayewaita kwa jina baya atakuwa amewatukana watu wasio na hatia. Na wale wawili waliokuwa mume na mke sasa ni kaka na dada. Wataonana katika arusi za watoto wao na watashikana mikono. Nani atakayetaka kulibeba hilo, na lingeweza kuzuiwa kwa neno moja?

Niwakanye vijana kwa jambo jingine, kwani wao hulichukulia kwa mzaha. Kijana akitajiwa mchumba asiyemtaka, husema, yule ni dada yangu wa kunyonya, ili aponyoke. Neno hilo ni ikirari. Mtu akikiri kwamba mwanamke fulani ni dada yake wa kunyonya, na jambo lenyewe linawezekana, hukumu humshika kwa ulimi wake, na nikaha baina yao huharimika. Asiyetaka na aseme simtaki.

Liko pia suala la zama hizi. Benki za maziwa ya akina mama, ambazo ya kwanza ilianzishwa mjini Vienna mwaka 1909, zimetufikia. Mwaka 2019 ilifunguliwa benki ya namna hiyo katika Hospitali ya Pumwani, Nairobi, kwa ajili ya watoto njiti na wale ambao mama zao hawana maziwa. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikutana Jedda mwezi wa Desemba 1985 na ikapitisha kwamba benki hizo zisianzishwe katika nchi za Waislamu, na kwamba kunyonya kutoka kwazo ni haramu, kwa kuchelea kuchanganyika kwa nasaba. Marehemu Sheikh Yusuf al-Qaradawi alikuwa na rai nyingine: kwamba kunyonya ni kulikamata ziwa, na kwamba mama asiyejulikana haharimishi kwa shaka. Kwa misingi ya Shafii, niliyoitaja, maziwa ya chupa ni maziwa. Hata hivyo ametaja Nawawi kwamba yakikamuliwa mara moja na mtoto akanyweshwa mara 5, huhesabiwa mara moja. Haya ni mambo ya kumwuliza mwanachuoni kwa kila kisa.

Rai yangu ni hii. Mtoto aliye katika hatari ya kufa hanyimwi maziwa kwa kungojea fatwa. Ahuishwe kwanza. Lakini mzazi Mwislamu ana haki ya kuuliza pale pale wodini: haya ni maziwa ya mama mmoja au yamechanganywa? Anajulikana? Jina lake litaandikwa? Na ikiwa dada, jirani au shoga yake mama anaweza kuja mwenyewe kunyonyesha, hilo ni jepesi zaidi kwa dini, kwani mtoto atamjua mamaye wa pili na ndugu zake.

Ama kuandika, sijui kwa nini tumelipuuza. Tunaandika deni la shilingi mia, tunaandika siku ya kuzaliwa, tunaandika hata zawadi za arusi na nani aliyeleta sahani ngapi. Katika daftari hilo hilo na uandikwe ukurasa mmoja: jina la mtoto na la wazazi wake, jina la aliyemnyonyesha na la mumewe, tarehe, umri wa mtoto siku hiyo, alinyonya mara ngapi, na nani walikuwapo. Mama aliyenyonyesha amwambie mumewe siku ile ile, kwa kuwa yeye naye amekuwa baba. Wazazi wa mtoto wapewe nakala. Mtoto akifika umri wa kufahamu aambiwe mwenyewe, na apelekwe kumwamkia mama yake huyo siku za Idi. Walioishi katika ua mmoja wakatawanyika, mmoja Tanga, mmoja Muscat, mmoja London, wapelekeane habari hiyo kwa barua au kwa simu kabla wazee wenye kukumbuka hawajaondoka. Na walii anapoletewa posa, pamoja na kuuliza juu ya dini na tabia ya kijana, na aulize kwa bibi wa pande zote mbili: mtoto huyu alinyonya kwa nani? Akina mama wengi wanaotusikiliza sasa hivi wanalo jibu la swali hilo kwa mtoto wa mtu fulani, na mtoto huyo pengine ameshapevuka.

Nasema haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu.